Ng'ombe wa Geita

Katika ukoo wetu wamo watu wawili waliochukuliwa na vita vya Wazungu na wasirudi nyumbani. Wa kwanza alikamatwa mwaka 1916, akatwishwa mzigo, akaondoka na msafara. Wa pili alikuwa pacha wa babu yangu, aliyeingia Keya, jeshi la Waingereza la huku, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Nimekua nikiwasikia wakitajwa kwenye matambiko na misiba, kila mmoja kwa maneno machache yaleyale: yule alifia njiani, huyu alifia Bama. Njia ipi, hakuna aliyesema. Bama iko wapi, hakuna aliyeuliza.

Tulipomaliza matanga ya baba, shangazi yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita pembeni. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Wale wazee wawili bado wanalala nje. Watafute, tujue tunamtambikia nani na yuko wapi." Neno la shangazi halijadiliwi. Nikaitikia.

Nilianzia Dar es Salaam ninakoishi. Pale makutano ya Samora na Azikiwe imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, na chini yake kuna maandishi ya lugha tatu ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya kwanza. Jina la mtu halimo hata moja. Mwendo mfupi kutoka pale ni Kariakoo, soko na mitaa iliyorithi jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Maelfu hupita hapo kila siku wakibeba marobota kichwani, kama walivyobeba wale, wala hakuna kibao kinachowaambia. Katika Idara ya Nyaraka za Taifa nilisoma kurasa za vitabu vya wilaya walivyoviandika maofisa wa kikoloni. Watemi wamo kwa majina na kwa miaka yao ya kutawala. Watu wao wamo kwa hesabu: vichwa vya kodi, idadi ya ng'ombe, idadi ya vibarua.

Kwa vita vya pili kuna mlango mpana zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo, kwa jina, kwa kikosi au kwa nchi. Ugumu ulikuwa kwenye jina lenyewe. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Babu alikuwa Kulwa. Jina la ndugu yake, basi, lilikuwa tayari kabla kitovu hakijakatwa, na Usukuma nzima ina watu wa jina hilo. Karani wa jeshi naye aliandika alivyosikia: Doto, Dotto, pengine bila jina la baba. Nilipitia majina ya Mnara wa Rangoon ulioko Taukkyan, Myanmar, ndiyo Bama ya wazee wetu, mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, kisha ya mnara ulioko Nairobi, ambako wameandikwa wengi waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Watu zaidi ya 1,200 walikufa siku ile. Kati ya niliowasoma, sikuona hata mmoja ambaye baba yake na kwao vililingana na wetu.

Nilichojifunza katika kusoma huko ni kwamba "kwenda vitani" kulikuwa na njia nyingi. Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia jeshi la Waingereza katika vita vya pili. Wengine walipigana Abisinia, wengine Madagaska mwaka 1942, na wengine walikuwa katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria hadi mto Chindwin mwaka 1944. Wapo pia waliochukuliwa kwa nguvu wakakate katani, kwa kuwa Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, katani ya Tanga ikawa mali ya vita. Kijijini wote hao waliitwa kwa neno moja: waliokwenda vitani. Aliyekufa umanamba kwenye katani na aliyekufa Bama walililiwa kilio kimoja. Nikaona kwamba orodha za wafu hazitanitosha. Nikapanda basi kwenda Shinyanga.

Kutoka Shinyanga mjini tulielekea Tinde, kisha tukaiacha lami. Ilikuwa baada ya mavuno, mashamba ya mpunga yamebaki mabua, ng'ombe wameachiwa humo. Huku na huku ulionekana msitu mdogo uliozungukwa na nchi tupu: hizo ni ngitili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Kijijini nilisalimia "mwangaluka" na swali la kwanza nililoulizwa halikuwa jina langu, bali mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikamtaja baba wa babu, na hapo ndipo kiti kilipoletwa.

Kesho yake shangazi alinipeleka mahameni. Kwetu pale ni pa zamani, mji ulioachwa mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kando ya barabara. Minyaa iliyokuwa ua wa zizi imekuwa miti mirefu, bado imesimama kwa duara ileile. Ndani yake, penye majani mazito kuliko pengine pote, wamezikwa wenye mji, maana mwenye mji alizikwa zizini kwake. Shangazi alinionyesha makaburi kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe la kusagia lililopasuka katikati. Nililigusa lile jiwe: bonde lililochimbwa na mikono ya mabibi lilikuwa laini kama kiganja, na ndani yake maji ya umande yalikuwa bado hayajakauka. Mwenye kutafuta wazee wake katika mikoa hii lazima afike mahameni. Kijiji cha leo kina umri wa miaka hamsini tu. Ukoo uko kule kwenye minyaa.

Hapo mahameni, wazee wawili wa ukoo jirani waliosindikizana nasi walinisimulia habari za yule wa kwanza. Alikuwa kaka wa baba wa wale mapacha. Mwaka ule, Julai, Waingereza waliichukua Mwanza, na kikosi chao cha Ziwa, chini ya Jenerali Charles Crewe, kikashuka kusini kupitia Shinyanga, Wajerumani wakirudi nyuma mbele yake. Wabelgiji nao walikuwa wakija kutoka magharibi, na ndio walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwa bado haijajengwa. Ilikamilika mwaka 1928. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa na mtu. Majeshi yote matatu yalikamata wapagazi katika vijiji vilevile, na aliyetoroka mikononi mwa huyu alidakwa na yule. Wetu alikamatwa kisimani akinywesha ng'ombe. Ng'ombe walirudi wenyewe jioni. Wazee walinionyesha kisima chenyewe, sasa shimo la majani, na upande ambao msafara ulielekea. Walisema ni Wabelgiji, kwa sababu waliomkamata hawakujua Kiswahili cha huku.

Habari za pacha zilitoka mahali ambapo sikuzitegemea. Jioni tulikuwa tukihesabu mahari. Nilikuwa nimemwomba shangazi anitajie dada zake wote, waliolewa wapi, mwaka gani na kwa ng'ombe wangapi, kwa sababu miaka ya kuzaliwa huku husahaulika lakini ng'ombe hawasahauliki. Alinitajia mmoja mmoja, na rangi za ng'ombe, na nani alipata yupi. Alipofika kwa dada yake mkubwa, marehemu sasa, aliyeolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, alisema: "Na wale wa Geita wakaondoka na kijana aliyewafuata."

Nikamuuliza Geita kulikuwa na nani.

"Sijui. Nilikuwa mtoto, nachunga ndama. Babu yako alisema tu, hawa ni wa Geita. Akawatoa walio wazuri, akawasindikiza mwenyewe hadi njia panda. Kwa mabinti wengine wote hakuna ng'ombe aliyekwenda Geita."

Nyumba nzima ilinyamaza. Kwa mila zetu ng'ombe wa mahari hawatolewi ovyo. Wana wenyewe: baba wa binti, wajomba, walioikopesha nyumba mifugo. Babu hakuwa na mjomba Geita wala mdai Geita. Na mtu hatoi ng'ombe wazuri wa mahari ya binti mmoja tu, tena akawasindikiza kwa miguu yake, pasipo deni linalomhusu binti huyo. Shangazi alinitazama kwa muda, kisha akasema polepole kwamba dada yake mkubwa alizaliwa kabla ya vita.

Safari ya Geita nilipitia Isaka, Kahama na Kakola. Ni njia ambayo familia nyingi za Shinyanga ziliifuata na ng'ombe wao. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1947, serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo wa Usukuma, ikafungua mapori ya Geita yaliyokuwa na mbung'o ili kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika nchi ya zamani. Dhahabu ilikuwa imewatangulia: mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, ukazaliwa upya mwaka 2000. Kwa hiyo Geita imekuwa mahali pa kuanza upya kwa vizazi vingi. Hata leo, mtu akipotea nyumbani Kishapu au Nzega, ndugu huanza kuulizia migodini.

Ukipita Geita mjini kuelekea Katoro na Rwamgasa unazisikia karasha kabla hujaziona, zikisaga mawe mchana kutwa katika vumbi jeupe. Kwenye mialo vijana huosha unga wa mawe na kukoroga zebaki kwa mikono. Kwenye maduara wanashuka kwa kamba na tochi kichwani, na wengi juu ya ardhi wanajuana kwa majina ya utani tu. Nilizungumza na mwenye duara mmoja, mzee wa miaka mingi kazini, aliyeniambia kwamba amezika vijana ambao hakuna aliyejua kwao. "Tunaandika jina tulilolizoea, na tarehe. Mama yake akija, atajuaje kuwa ndiye?" Maneno yale yaliniingia sana. Kumpoteza mtu hakukwisha na vita vya wazee wetu. Kunaendelea katika nchi hiihii, kwa sababu ileile ya kuandikwa nusu.

Kilichonisaidia kilikuwa daftari la serikali ya kijiji. Katika ukanda wa dhahabu mashamba mengi yamepisha uchimbaji, na pamoja na mashamba, makaburi. Kaburi haliondolewi kiholela: ipo sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, na kabla ya kuhamisha huandikwa orodha ya kila kaburi, aliyezikwa, na ndugu anayehusika. Mtendaji wa kijiji kimoja, kijana mwenye subira, alinifungulia nakala ya orodha ya zamani iliyotunzwa kwenye faili la kadibodi lililofungwa kwa uzi. Tulishuka nayo mstari kwa mstari. Wanawake, watoto, wazee. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na mstari uliosema: Doto, mzee, Keya, ametoka Shinyanga. Mbele yake jina la mwanawe, na kidole gumba.

Mwanawe yu hai. Anaishi karibu na pale, kwenye nyumba ya bati yenye miembe mbele, na alinipokea kama mgeni wa kawaida hadi nilipotaja wazee wangu. Nilipofika kwa Kulwa alinyanyua mkono nisiendelee. "Baada yao alizaliwa nani?" Nikasema Shija, mwanamke, aliyefariki kijana kwa ndui. Akauliza baba yao alikuwa na kovu wapi. Nikasema sikioni, alipigwa na ng'ombe. Akasimama, akanishika mabega. "Basi mimi ni baba yako mdogo. Keti, mwanangu."

Alitoa kopo la bati. Ndani mlikuwa na nusu ya cheti cha kuachishwa jeshi, nusu nyingine imeliwa na mchwa. Imebaki namba, alama ya kidole, na neno Shinyanga. Akanisimulia kama alivyosimuliwa. Baba yake alifika Bama. Alirudi mwaka 1946, akapanda treni kutoka Tabora akiwa na mablanketi na fedha. Kwenye stesheni ya Isaka aliingia mtu wa nyumbani, akamwona, akapiga yowe, maana alikuwa amekula matanga yake. Ndani ya behewa akamweleza yote: barua hazikufika, mwaka ulipita na mwingine, wazee wakakata shauri kwamba amekufa, wakamlilia, wakanyoa. Mkewe alirithiwa na Kulwa, na alikuwa mjamzito. Treni ilipofika Shinyanga, Doto hakushuka. Aliendelea hadi Mwanza, akavuka ziwa, akaomba kazi mgodini Geita.

"Hakumchukia ndugu yake," baba mdogo alisema. "Alisema angeshuka pale, mmoja wao angekuwa hana mke, na mtoto aliyeko tumboni angekuwa hana baba. Akampelekea Kulwa salamu za siri. Kulwa akajibu kwamba binti yule ni wako, siku ya mahari yake nitakuletea haki yako. Na akaleta. Kijana aliyekuja kuwafuata alikuwa kaka yangu."

Mtoto aliyekuwa tumboni mwaka ule ni baba yangu.

Kuna kitabu cha ubatizo katika parokia moja ya zamani ya huko ambacho paroko aliniruhusu kukisoma. Doto alibatizwa akiwa mtu mzima, kabla ya ndoa yake ya pili, na aliyeandika aliweka kila kitu kwenye safu yake: jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, na pembeni kabisa, ndoa yenyewe. Majina ya wazazi yalikuwa yaleyale niliyoyataja kwenye kiti kule Tinde. Vitabu vya Kanisa Katoliki vina desturi hiyo ya kuandika ndoa pembeni mwa ubatizo hata kama ilifungwa parokia nyingine, na kwa mtafutaji ni msaada mkubwa, kwa kuwa mstari mmoja unakuambia mtu alikotoka na alikokwenda.

Nilipomweleza shangazi kwa simu, alikaa kimya, kisha akalia, kisha akauliza kama kaburi lina jiwe. Lina msalaba wa saruji, na kabla saruji haijakauka mtu aliandika juu yake kwa kijiti neno Keya. Miezi iliyofuata alisafiri mwenyewe kuja Geita pamoja na wajukuu wa yule dada mkubwa, ambao ni damu ya Doto na walikuwa hawajui. Pande mbili zilikutana, tambiko likafanywa, na yale yaliyofichwa kwa heshima tangu vita vilipokwisha yakasemwa mbele ya watoto. Kwa ridhaa ya pande zote mbili ninayaandika hapa bila majina ya walio hai.

Kwa muda mrefu nilidhani kumbukumbu ya ukoo ni simulizi. Simulizi yetu ilisema alifia Bama, na ilirudiwa kwa nia njema mpaka ikawa kweli. Ukweli ulikuwa umewekwa kwenye haki za watu: nani anadai, nani alilipwa, ng'ombe gani alikwenda wapi. Watu husahau sura, na hubadilisha habari ili waweze kuishi nazo. Deni la halali hawalibadilishi. Ndiyo maana ninamshauri kila anayetafuta watu wake katika nchi hizi aulize juu ya mahari, urithi, mashamba na makaburi kabla ya kuuliza juu ya vita. Vita viliandikwa na wenye vita. Haki ziliwekwa na wenye watu.

Yule mpagazi wa 1916 bado. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilichapisha ripoti yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Wamisri, waliofia upande wa Uingereza katika vita vya kwanza, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wetu, kama kweli alichukuliwa na Wabelgiji, hayumo hata katika hesabu hiyo, wala wale waliokufa chini ya mizigo ya Wajerumani hawamo. Lakini kutoandikwa si kutojulikana. Jirani wa shangazi ana kaka aliyekufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, aliyezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Kaburi lina jina, na familia huenda kulisafisha. Ninataka haki hiyohiyo kwa aliyekamatwa kisimani.

Kwa hiyo nimeandika karatasi moja: jina lake, jina la baba yake, kisima, mwezi kama wazee wanavyoukumbuka kwa mazao, na upande alioelekezwa. Nakala moja iko kwa mtendaji wa kijiji, nyingine nimeiwasilisha Dar es Salaam, nyingine anayo baba mdogo Geita ndani ya lile kopo. Shangazi hakusubiri majibu ya ofisi yoyote. Amekwisha kutuma salamu kwa koo za jirani, kila moja ilete majina ya waliochukuliwa na majeshi yale, na amemtafuta mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri ayaandike yote katika daftari moja.